Herufi Mbili Zilizozidi Kwenye Jina Langu

Jumapili mchana, Katoro. Jua linawaka kama limetumwa. Mawingu yanakuja, yanatuchungulia, yanakwenda zake upande wa Chato. Vumbi limeingia mpaka kwenye kopo la sukari.

Nina hasira. Nalisema mapema ili usije ukadhani leo nasimulia mtoto kang'oka jino.

Jana nilikwenda makumbusho.

Ndiyo, mimi. Makumbusho na ukumbi wa picha za sanaa, kule Mwanza, jirani na chuo. Mahali ambapo wenye vyeti vyao wanatembea polepole huku mikono wameifunga mgongoni, kama wazee wanaokagua ng'ombe wa mahari. Mimi niliishia darasa la saba. Mikono yangu sijazoea kuifunga mgongoni, huko ndiko nimezoea kubeba mtoto.

Kwa wasionijua: mimi ni Mama Shida. Naponda mawe. Huku kwetu tunayaita magwangala, ni yale mabaki ambayo migodi mikubwa imeshayachoka. Tunayaponda, tunayapeleka mwaloni, penye mashimo ya maji, kuosha, na Mungu akipenda kinabaki kitu cha njano chini ya karai. Mwanangu wa pekee anaitwa Shida, ana miaka mitano. Amerithi jina la mama mkwe wangu aliyeko Didia, Bibi Shida, ambaye ukikosea kumsalimia anakaa na hilo kosa mpaka msimu wa mavuno. Mume wangu akitoka duarani, kwenye shimo la dhahabu, humwinamia yule mtoto na kumwambia, "Shikamoo mayu," yaani mama, na mtoto anaitikia marahaba bila hata kucheka. Amezoea. Yeye ni mama wa baba yake.

Hilo ni jina. Si malalamiko. Naomba ulishike hilo kabla hatujaendelea.

Miaka mitatu iliyopita alikuja kijana mwenye kamera pale mwaloni. Mwanafunzi, anaitwa Baraka. Alikuwa na adabu, sikatai. Aliomba ruhusa. Nilimfuta Shida uso kwa ncha ya kitenge, nikamweka vizuri mgongoni, nikasimama. Jua lilikuwa usoni kwetu, tukakunja macho wote wawili. Alipomaliza akatoa daftari.

Akauliza, "Dada, unaitwa nani?"

"Mama Shida."

Akaonyesha kwa kalamu mgongoni kwangu. "Na huyu?"

"Shida."

Akaandika. Akanitazama kwa huruma sana, mimi nikadhani jua limemwingia. Akaahidi kunitumia picha kwenye simu. Hakutuma. Nikasahau, maana mtu ukikumbuka kila ahadi ya wenye madaftari hutaponda jiwe hata moja.

Juzi Jumatano mdogo wangu Kabula akapiga simu. Anapika chapati kwenye kibanda karibu na kile chuo. Alikwenda kupeleka chakula makumbusho, wana maonyesho ya picha, akatuona. "Dada, mko ukutani. Wakubwa kama mlango. Mmependeza." Hakuniambia kitu kingine. Leo anaapa hakusoma maandishi, alikuwa na ndoo mkononi. Namwamini. Kiasi.

Basi nilifurahi, na hapo ndipo ninapojichukia. Nilifurahi kama mjinga. Nilimsuka Shida upya siku ya Ijumaa, akalia, nikamwambia vumilia, unakwenda kujiona. Tukaazima gauni la njano la Idi la mtoto wa jirani. Nikafunga michembe ya kula njiani kwenye kitambaa. Mtoto wa mponda mawe, ukutani, mahali pa wasomi. Niliwaambia wenzangu wote mwaloni. Wote. Kesho watauliza.

Tukapanda basi alfajiri, tukavuka daraja jipya la Busisi huku Shida anauliza kwa nini ziwa halina geti.

Makumbusho yenyewe yana ghorofa mbili. Chini ni vitu vya kale, juu ni picha. Mlangoni kuna mlinzi mwenye sweta, kwenye joto lile. Hakuniuliza kama nimekuja kuangalia. Aliniuliza, "Unamtafuta nani?"

"Najitafuta mimi," nikamwambia. Nilikuwa bado na utani.

Hakucheka. "Mtoto asiguse kitu."

Tukaanza na chini. Sasa nisikilize. Kitu cha kwanza kilichozungushiwa kamba, kamba nzuri nyekundu kama ya kanisani siku ya harusi, ni jiwe la kusagia. Jiwe! Na karatasi: "Hapo zamani, jamii za Kanda ya Ziwa zilitumia jiwe hili kusagia nafaka." Hapo zamani. Mwezi wa sita nilikuwa Didia, nimepiga magoti mbele ya jiwe kama hilo, nasaga mtama wa mama mkwe, na kiuno hakijasahau. Hakuna aliyeniambia nipo zamani. Ningejua ningepumzika.

Nikaendelea kusoma. Walitumia. Walikuwa wakivaa. Walikuwa wakiamini. Kila karatasi imetuzika.

Kwenye kabati la kioo kulikuwa na bakuli la michembe. Michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa, hivi hivi. "Chakula cha akiba kilicholiwa nyakati za njaa." Na Shida wakati huo huo ana mchembe mdomoni, shavu limetokeza. Mlinzi akatufuata.

"Mama, humu hakuliwi."

"Mbona hiyo mmeiweka?"

"Hiyo ni ya maonyesho."

Shida akaitazama ile ya kwenye kioo, akanivuta kitenge. "Mama, michembe imefanya nini mpaka imefungiwa?"

Nilicheka. Sasa hivi sicheki, lakini pale nilicheka.

Tukapanda juu. Siwezi kusema kila kitu kilikuwa kibaya, kwa sababu hasira haipaswi kunifanya mwongo. Kulikuwa na ng'ombe aliyechorwa kwa rangi ya bluu, mzima mzima, bluu mpaka kwato, na macho yake yalikuwa yale yale ya ng'ombe anayejua mnada ni kesho. Nilisimama pale. Shida akasema ng'ombe anasikia baridi. Niliwaza kwamba aliyemchora amewahi kuchunga, na nikawaza kwamba labda na mimi, kama ningepata rangi, ningechora kitu. Nilikuwa na mawazo mazuri mimi, dakika mbili nzima.

Halafu tukakunja kona, tukajiona.

Kabula hakusema uongo. Tulikuwa wakubwa kama mlango. Vumbi kwenye nyusi zangu linaonekana punje kwa punje. Mkono wa Shida umeshika bega langu, vile vidole vidogo, na nikakumbuka uzito wake wa wakati ule, nikataka kumbeba tena hapo hapo. Ni picha nzuri. Ingekuwa mbaya ningelala vizuri jana.

Juu yake, ukutani, herufi kubwa nyeusi za plastiki zimebandikwa moja moja. Shida anasoma chekechea, ameshajua kuunganisha. Akanyoosha kidole.

"Ma-ma. Wa. Shi-da." Akaruka. "Mama, jina langu!" Halafu akatulia, akakunja uso kama bibi yake akikuta chumvi imezidi. "Mama, wamekosea. Wameweka wa."

Mtoto wa chekechea aliliona. Chuo kizima hakijaliona.

Chini kulikuwa na karatasi ndogo kwenye fremu. Niliisoma mara tatu, maana mimi husoma polepole na nilitumaini nimesoma vibaya. "Mwanamke huyu wa machimboni alipoulizwa kuhusu mwanawe, alijibu neno moja tu: shida."

Neno moja tu.

Ni kweli nilijibu neno moja. Unataka mtu ajibu maneno mangapi akiulizwa jina?

Walikuwapo wanafunzi watano au sita, na madaftari. Mmoja, kijana wa miwani, alikuwa anawaeleza wenzake. "Angalieni macho. Huyu ameshakata tamaa. Mtoto kwake ni mzigo, kwa maana zote mbili." Wakaandika. Wote wakaandika!

"Lilikuwa jua," nikasema.

Wakageuka.

"Macho yamekunjwa kwa sababu ya jua. Huyo ni mimi. Na mzigo ni huyu hapa, ana gauni la njano."

Wakatutazama, wakatazama ukutani, wakatutazama tena. Ungedhani wangeona aibu. Kijana wa miwani akasema, "Samahani dada, hii ni bahati kubwa," akatoa simu, akaomba nisimame pembeni ya picha nikunje macho kama vile. Nikamwambia akunje yake. Wenzake wakamcheka, na mimi kidogo nikadhani tumeelewana.

Halafu binti mmoja akachuchumaa mbele ya mtoto wangu. Sauti tamu kabisa. "Na wewe mrembo, unaitwa nani?"

"Shida."

Binti akacheka, akajiziba mdomo. "Jamani, kweli? Kwa nini wakakupa jina la matatizo?"

Nyumbani kwetu neno hilo hatulitumii kwa mambo mabaya. Ni kwa sababu ya mama mkwe. Ukisema mbele yake "nina shida," anajibu, "Huna. Shida ni mimi, niko hapa nimekaa." Ukisema "shida imeniingia" anauliza kaingia saa ngapi. Ndugu wote wa mume wangu wamezoea kusema makoye, kwa Kisukuma, au taabu, au wanakaa kimya. Mimi nimelishika hilo tangu niolewe. Najua mtaani watu wanalisema, lakini mtoto alikuwa hajawahi kuligeuza na kuliangalia upande wa pili. Kwake lilikuwa jina la watu wawili tu duniani, yeye na bibi mwenye shamba la viazi.

Jana, ghorofa ya pili, mtu mwenye sauti tamu alimwonyesha upande wa pili. Shida alimgeuzia mgongo. Alinitazama mimi.

Huyo binti simsamehei. Najua hakukusudia. Simsamehei.

Nikaenda ofisini. Mkuu wa pale ni mama mmoja mtu mzima, nikampa shikamoo, akaniambia marahaba bila kuinua kichwa. Nikamweleza. Alisikiliza, na alipoelewa akatabasamu, kama mtu aliyepewa kisa cha kwenda kusimulia nyumbani.

"Mama, lakini sanaa siyo kitambulisho. Sanaa inaleta hisia."

"Hisia ninayo. Toeni wa."

"Maelezo ni ya msanii, sisi hatuyagusi. Na picha iko kwenye shindano."

"Basi wekeni S kubwa ijulikane ni jina."

"S ni kubwa tayari. Zote pale ni herufi kubwa."

Alikuwa amesema kweli, na kweli yake haikuwa na faida yoyote kwangu.

Akampigia Baraka, akaweka sauti ya nje. Sasa hivi yuko Dodoma, ni mtu mkubwa. Alinikumbuka. Akasema, "Dada, lakini nilikuuliza hali ya mtoto."

"Uliniuliza, na huyu?"

"Ndiyo. Na huyu, hali yake."

"Kwenu hali ya mtu inaulizwa hivyo? Kwa kalamu?"

Akacheka kidogo. "Sasa mimi ningejuaje? Mtu gani anamwita mtoto wake Shida?"

"Wewe unaitwa Baraka," nikamwambia. "Nani amekuhakikishia?"

Mkuu wa makumbusho akaangalia dirishani. Baraka akasema picha imeshaingia kwenye kitabu cha maonyesho, maneno yakibadilishwa sasa itavuruga majaji, shindano likiisha atafikiria. Halafu akasema atanitumia nakala kwenye simu. Ile ile ahadi, bado haijachakaa. Akasema pia, kwa upole, kwamba picha hii imewafanya watu wengi watuhurumie.

Hicho ndicho kilichonimaliza. Sikuomba kuhurumiwa. Nilisimama vizuri siku ile. Nilimfuta mtoto uso.

Na mkuu akaongeza, kunifurahisha, kwamba shule za msingi huletwa pale kila muhula, watoto wanaipenda sana ile picha. Shida anaanza darasa la kwanza Januari. Binamu zake wako shule za Mwanza. Hesabu hiyo hata mimi wa darasa la saba naiweza: siku moja mwalimu atawapanga mstari mbele ya ule ukuta, awasomeshe kwa sauti.

Nikaaga. Nikamshika Shida mkono. Badala ya kushuka ngazi, nikarudi kwenye picha.

Wanafunzi walikuwa wameondoka. Kulikuwa na kiti cha mlinzi, nikakipanda. Kucha zangu ni fupi na ngumu, zimezoea kubandua mwamba mwembamba kwenye jiwe. Nikaanza na W. Gundi yao ni nzuri, nawasifu. Nilipata ncha moja, nikavuta, kucha ya kidole cha shahada ikakatika katikati, nikaendelea kwa kidole kingine, ikatoka na ganda la rangi ya ukuta. Shida alikuwa chini anahesabu, sijui anahesabu nini.

Mlinzi akafika. "Mama, nilisema mtoto asiguse."

"Mtoto hajagusa."

Alinishusha. Hakunipiga, nisimsingizie. Alinishika mkono wa juu kama mtu anayemtoa mbuzi kwenye shamba la jirani. Mkuu akatoka ofisini, akasema nikirudi tena ataita polisi. Nikamwambia polisi waje na mwalimu wa Kiswahili.

Nikageuka mara moja tu, ngazini. Ukutani pamebaki MAMA A SHIDA.

Nimeharibu zaidi. Najua. Hicho si Kiswahili wala Kisukuma.

Sasa hili ndilo nililokuwa nalizunguka tangu mwanzo. Kwenye basi, kabla hatujafika hata Busisi, Shida aliniuliza, "Mama, mimi ni matatizo?"

Nikamwambia, "Nyamaza."

Ndivyo nilivyomjibu. Na siku nzima nilikuwa na majibu, nimewajibu wote, mlinzi, mkuu, Baraka, kijana wa miwani. Aliponiuliza mwanangu nikaogopa nikifungua mdomo nitalia mbele ya abiria, nikamwambia nyamaza. Akanyamaza. Alivuka ziwa lote bila kuuliza chochote.

Mama gani huyo? Wakipiga picha ya pale, waandike wanachotaka.

Leo asubuhi Shida hakuitikia shikamoo ya baba yake. Alimwambia, "Niite jina lingine." Mume wangu akacheka akidhani ni mchezo, akanitazama, akaacha kucheka. Nilimweleza. Alisema ni picha tu, tuiache, halafu akakaa mlangoni na buti moja mguuni na nyingine mkononi, muda mrefu, kwa mtu ambaye anasema ni picha tu.

Nikapiga simu Didia. Nikamweleza mama mkwe yote, na kucha, na A iliyobaki. Hakusema pole. Akasema, "Nipe mtoto."

Nikaweka sauti ya nje.

"Nani huyo?" akauliza Bibi.

Shida akajibu kwa sauti ndogo, "Mimi."

"Mimi nani? Mimi wako wengi."

"Shida."

"Hapana, Shida ni mimi. Nimezaliwa naitwa hivyo, nimeolewa kwa ng'ombe kumi naitwa hivyo, nimezika watu na nimelima. Jina nilikuazima kwa sababu niliona una miguu mikubwa kama yangu. Hulitaki, nirudishie. Kuna mjukuu mwingine anakuja mwezi ujao, nitampa yeye."

Shida akaruka kitandani. "Usimpe!"

"Basi anayekuuliza maana yake mwambie aje Didia nimpe jembe. Lete baba yako nimsemeshe."

Hivyo tu. Dakika mbili. Mimi niliyemzaa sikuweza, na yule bibi hata kusoma hajui. Shida alishuka kitandani, akaenda mlangoni kwa baba yake, akamwambia, "Mayu anakuita." Na akasimama pale, anasubiri shikamoo yake mpaka akaipata.

Kwa hiyo jambo la nyumbani limetulia, kwa leo. Najua litarudi, shuleni, dukani, kwa kila mwenye sauti tamu. Nitajifunza kujibu. Nimeshaanza kufanya mazoezi peke yangu nikifua: huyu ni Shida, ni jina, una swali?

Jambo la ukutani halijatulia. Kabula amepita pale mchana huu, amenitumia ujumbe: bado hawajabandika W mpya, fundi anakuja Jumatano. Mlinzi amemwambia dada yako ni kichaa, halafu akamnunulia chapati mbili na kuuliza kama ni kweli mtoto anaitwa hivyo. Kabula akamwambia ni kweli. Mlinzi akasema wa kwao ni Tabu, mama yake mzazi.

Na wewe unayesoma, usinipe pole kwenye maoni. Pole zako zipeleke kule kule kwenye picha, zimejaa tele.

Basi la kwanza la Mwanza Jumanne linaondoka saa kumi na moja alfajiri. Shida atabaki kwa jirani. Kucha moja imekatika. Zimebaki tisa, na A ni herufi moja tu.